Mashini Iliyowachongea Wageni wa Mama

Mpaka leo, mtu akiniambia kompyuta yake inajizima yenyewe, mimi simuulizi kwanza habari ya feni wala ya vumbi. Naangalia ukuta. Naangalia waya unaingilia wapi na unatokea wapi, na najikuta niko tena Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, nyumbani kwa mama, wakati wa vita. Maana nyuma ya ukuta wa ofisi yangu alikuwa amejificha mwanamke na mtoto wake mchanga, na kila saa ya kupika ilipofika, mashini yangu iliwachongea kwa watu waliokuwa wakiwatafuta. Iliwachongea mchana kweupe, na mimi, mjinga wa kutupwa, nilikuwa nahangaika kuitibu!

Nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara inayoshuka sokoni na ufukweni. Baba na kaka zangu walikuwa wamekwisha vuka ziwa, wako kambini upande wa Tanzania. Mama alikataa kuvuka. Alisema nyumba ikiachwa tupu hukosi kumkuta mtu mwingine ndani yake, na mimi nikabaki naye kwa sababu sikuwa na moyo wa kumwacha peke yake na ubishi wake. Kabla barabara haijaharibika nilikuwa nimesomea mjini Uvira kazi ya kuchapa, nikarudi na kompyuta ya mezani, nzee, kasha lake limegeuka rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Chumba cha mbele nikakifanya ofisi. Umeme ukiwapo nilichapa barua za watu na matangazo ya kanisa, na nilijiona mtu mkubwa, niseme ukweli.

Halafu wenye bunduki wakaushika mji. Sitasema walikuwa wa kundi gani. Waliokuwapo wanajua, na ambao hawakuwapo haitawasaidia kitu. Mkuu wao alipita barabarani, akaiona mashini kwa dirisha, akaingia, akakaa juu ya meza yangu.

“Hii njo itafanya kazi ya serikali,” akasema.

Njo, yaani ndiyo. Serikali gani, sikuthubutu kuuliza. Wakaleta grupe, yaani jenereta ndogo inayokunywa mazutu, mafuta ya dizeli, waliyoitoa wanakojua wenyewe, wakaiweka uwanjani kwetu kando ya jiko la mama, wakaiunganisha na waya za zamani ambazo baba alizitandika nyumbani wakati mambo yalipokuwa mazuri. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuchapa ruhusa za mitumbwi. Hakuna mtumbwi ulioondoka Baraka bila karatasi iliyotoka kwenye mashini yangu. Na askari wake wakawa wanakaa uwanjani kutwa nzima, eti wanalinda grupe.

Walikuwa wanalinda na chungu cha mama vilevile. Kwetu, chungu kikishuka jikoni, aliyeko uwanjani anakula. Huulizi ni nani, wala huwezi kumwambia mtu aondoke kwanza. Vijana wale waliijua adabu hiyo vizuri sana pale ilipowafaa. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikiiva, wamekwisha nawa mikono! Mama aliwapakulia, midomo ameibana, mimi nikala makombo na hasira yangu.

Kazi nyingine ya watu wale ilikuwa kuwasaka watu wa milimani, wale wafugaji wa ng'ombe wanaosema Kinyarwanda. Waliwatafuta nyumba kwa nyumba. Na aliyekutwa nao nyumbani kwake alipelekwa pamoja nao, na hakuna aliyerudi kutusimulia walipelekwa wapi. Kila mtu mjini alilijua hilo, na mama yangu alilijua kuliko mimi.

Basi, mashini ikaanza kuugua. Niko katikati ya karatasi, kioo kinazimika, pyu! Kazi yote imepotea. Naiwasha tena, inaamka, inachapa kidogo, inazimika. Mara ya kwanza mkuu alicheka. Mara ya pili hakucheka. Akaniuliza, pole pole, kama mtu anayeulizia bei ya samaki:

“Weye, dada, unatufanyia sabotaje?”

Neno hilo, yaani kuharibu kazi kwa makusudi, lilikuwa linaua watu wakati ule. Nikamwambia ni joto, komanda, mashini ina joto, nipe nafasi nitaitengeneza. Akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika meza.

Na kweli ilikuwa na joto. Nilipoweka kiganja juu ya kasha nilikitoa mbio. Unajua kulikuwa na nini juu yake? Kitambaa cha mama! Kile cheupe cha kufuma kwa sindano, chenye maua pembeni, ambacho kilikuwa juu ya redio wakati wa baba. Kwetu kitu cha heshima hakikai uchi. Redio inavikwa, kiti cha wageni kinavikwa, picha ya marehemu inavikwa, na mama aliona ni aibu mashini iliyo kubwa kuliko vyote ikae wazi wapita njia waitazame. Alikuwa amekikunja kikateremka mpaka nyuma, kikafunika matundu yote ambayo mashini inapumulia.

“Mama, unaiua!” nikapiga kelele. “Hii inapumua! Inapumulia huku nyuma!”

“Inapumua na nini? Iko na pua?”

“Mama!”

“Usinipandishie sauti. Mi nilifikiri vumbi njo inaiua.”

Nikafungua kasha. Yesu wangu! Ndani kulikuwa na unga. Unga wa muhogo kabisa, umechanganyika na masizi, umeganda kwenye feni na kwenye lile pande la chuma lenye mameno linalopoza ubongo wa mashini. Nilikaa chini. Ndipo nikakumbuka: kila risasi ziliposikika, mama aliifunga mashini katika blanketi, akajitwika kichwani, akakimbia nayo shambani kuificha chini ya mihogo iliyoanikwa. Wenzake walikimbia na watoto na sufuria. Yeye alikimbia na kompyuta yangu, kwa sababu nilimwambia ndiyo maisha yangu. Nilitaka kugomba, nikaishia kumshika bega.

Nilisafisha kwa unyoya wa kuku na pampu ya baiskeli. Unga ulitoka ukaniingia puani. Nikaondoa kitambaa, nikaisogeza mashini mbali na kona, nikaiwasha. Feni ikazunguka vizuri, kasha likabaki baridi. Nikachapa ruhusa mfululizo, mkuu akapita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikasema asante Mungu, nimepona.

Kumbe! Siku iliyofuata, mchana, ikazimika tena. Nikashika kasha: baridi. Nikatazama feni: safi. Sasa nini tena? Niliiwasha asubuhi kabla jua halijapanda, ikafanya kazi bila neno. Ukifika mchana, pyu. Jioni kidogo, saa ya uji wa watoto, pyu. Nikaacha kuitazama mashini, nikaanza kutazama vitu vinavyoizunguka. Ndipo nikaiona taa. Kila mara, kabla mashini haijafa, taa ya dari ilikuwa inafifia, inakuwa nyekundu, na kile kisanduku cha kutuliza umeme kilichokuwa chini ya meza kinaanza kugonga, ka-ka-ka, kinatafuta nguvu na hakipati. Na boksi la umeme la mashini, likipewa umeme kidogo, linavuta kwa nguvu kuliko kawaida, linachemka, halafu linakata. Haikuwa feni. Kulikuwa na kitu kingine kinakula umeme wetu, kitu kikubwa, na kinakula kwa saa zake.

Nilifikiri ni askari. Nikatoka uwanjani, wamelala kivulini, hawana hata redio. Nikarudi ndani, nikaanza kuufuata waya wa baba juu ya ukuta, karibu na mabati. Unatoka ofisini kwangu, unaingia chumbani kwa mama, unavuka, unashukia stoo, nyuma ya ukuta ule ule wa ofisi yangu. Stoo ile baba alikuwa ameitia taa na soketi moja zamani, alipokuwa anaweka bidhaa. Hakuna aliyeikumbuka tena. Askari walipounganisha grupe na waya wa nyumba, waliunganisha na stoo pia bila kujua. Mama alikuwa sokoni na samaki wake. Ufunguo nilijua anauweka wapi.

Nilifungua. Magunia ya muhogo mkavu yamepangwa mpaka dari, na harufu ya uji. Uji! Stoo! Nikapenya ubavu ubavu kati ya magunia na ukuta, na nilichokiona nyuma yake sitakisahau mpaka nife. Mwanamke amechuchumaa, mrefu, mwembamba, amevaa kitenge cha mama yangu, kile cha Krismasi. Amembeba mtoto mgongoni. Mbele yake resho, lile jiko dogo la umeme lenye waya unaokuwa mwekundu, na juu yake sufuria. Aliponiona hakupiga kelele. Aliupeleka mkono nyuma, taratibu, akamfunika mtoto mdomo.

Sura yake niliifahamu. Alikuwa akishuka sokoni kutoka milimani na siagi na maziwa yaliyoganda, kabla ya haya yote, na mama alikuwa anampa chumvi na samaki. Nilirudi kinyumenyume, nikafunga mlango, nikaenda kukaa kitandani kwa mama. Meno yalikuwa yananigongana katika joto la Baraka. Niliwaza jambo moja tu, kwamba chakula cha yule mtoto kilikuwa kinapikwa kwa umeme wa watu wanaomtafuta. Kwa mazutu yao! Na wao wako pale pale nje, hatua chache, wanapiga miayo.

Mama aliporudi nikamvuta chumbani. Tuligombana kwa kunong'ona, jambo gumu kwa watu wa damu yetu.

“Mama, batatuua. Unasikia? Batatuua wote!”

“Nasikia.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile siku ya fujo ya soko. Bwana yake haonekani. Alinishika nguo na mutoto mu mugongo. Nilikuwa nifanye je? Nimutoe mukono?”

“Na ukose kuniambia mimi! Mutoto wako!”

“Weye uko na mudomo,” mama akasema. “Na uso yako inasema mbele ya mudomo. Ningekuambia, bale ba inje bangesoma pa uso yako siku ile ile.”

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nikamwuliza kwa nini apike ndani kwa resho, kwa nini asipike jikoni kama watu. Akanitazama kama ninayeuliza kwa nini maji yanalowesha. Nipitishe nini mbele ya hawa, akasema, sahani ipi wasiyoitia mkono? Wanakijua chungu chetu kuliko mimi. Uji wa mtoto ukipita uwanjani, watauliza ni wa nani, maana mtoto hatuna.

Niseme nilivyohisi, bila kupamba: nilitaka waondoke. Niliogopa na nilikasirika, nilimkasirikia mama na mwanamke yule na hata mtoto. Lakini waondoke kwenda wapi? Ruhusa za mitumbwi nilizichapa mimi, na muhuri aliugonga mkuu mwenyewe, na kila abiria alitazamwa uso ufukweni. Ilibidi kungoja mpaka mama apate njia. Basi, nikageuka daktari wa kuifanya mashini iugue. Nilikirudisha kitambaa juu ya mashini, ili mkuu akija nimwambie ni joto, ashike mwenyewe aone. Na tukapatana ishara: mkuu akiingia ofisini, nitaburuta kiti juu ya simenti, kwa nguvu, na mwanamke kule nyuma ataisikia na kuchomoa resho. Nilikiburuta kile kiti mpaka mkuu akaniuliza kama nina ugonjwa wa kukaa.

Mtoto alikula mara moja mchana na mara moja jioni, kidogo, kwa sababu hatukuthubutu zaidi. Mara nyingine mkuu alikaa ofisini muda mrefu, na mimi nikachapa huku nikijua kwamba nyuma ya ukuta kuna sufuria ya maji baridi na mtoto anayefunikwa mdomo. Nilikosea herufi. Alinigombeza kwa herufi.

Mwisho mkuu akachoka kuona mashini inazimika. Siku moja akaja na mtu mwingine, ameshuka kwa pikipiki kutoka Fizi, kule juu, mfuko wa vyombo begani.

“Huyu fundi anatengenezaka redio zetu za kuongelea,” akasema. “Leo atajua kama ni joto ao ni weye.”

Fundi yule nilikuwa nimemsikia. Kila mtu alikuwa amemsikia. Kwao kulikuwa Makobola, kijiji ambacho watu wake walichinjwa. Mke, watoto, wazazi, wote walikwisha huko, na yeye aliponea kwa sababu siku hiyo alikuwa ziwani. Alikuwa akisema wazi, baani na kanisani, kwamba waliowaua aliwasikia wakisema lugha ya watu wa ng'ombe, na kwamba akimpata mmoja wao, mkubwa au mdogo, hatahitaji bunduki ya mtu. Nilipomwona mlangoni niliiwaza stoo tu.

Mkuu alisikia harufu ya sombe, akatoka kukaa jikoni na vijana wake. Fundi akabaki na mimi. Nikaburuta kiti kidogo. Yeye akafungua dirisha ili aone vizuri, na kelele ya grupe ikaingia, ikameza kila kitu. Nikaburuta tena kwa nguvu, lakini kwa kelele ile kule stoo hakuna aliyesikia.

“Dada, kiti kimekufanya nini?” akasema.

Akakitoa kitambaa, akashika kasha, akaguna. “Joto iko,” akasema. Nikamwambia haraka haraka, ndiyo, ni kitambaa, ni unga, ni mama, fundi, safisha tu utaona itakaa sawa. Nilikuwa nasema sana. Akaiwasha mashini, ikaamka, na tulikuwa tumesimama hivyo, yeye na bisibisi ya taa mkononi, wakati taa ya dari ilipofifia. Nyekundu. Chini ya meza, ka-ka-ka. Kioo, pyu.

Fundi hakuitazama mashini hata kidogo. Aliitazama taa.

“Hii si joto,” akasema. “Kuko mutu anakula umeme.”

Nikasimama mbele yake. Sijui nilisema nini, nadhani nilimwambia ni mazutu, ni grupe nzee. Alinisogeza pembeni kwa mkono, bila ubaya, kama unavyosogeza pazia. Macho juu ya waya, akaenda. Chumbani kwa mama. Mama alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, na mtu angeweza kuutambua huo mlango kwa jinsi mama alivyousimamia.

“Mama, toka.”

“Baba, hapa ni fasi ya muhogo.”

“Muhogo inakula umeme?”

Akafungua. Akapenya kati ya magunia, mimi nyuma yake, mama nyuma yangu. Nilimshika shati, nadhani, maana vidole vilikuwa vinaniuma baadaye. Na pale mwisho, mwanamke amechuchumaa, mtoto mgongoni, resho limewaka, uji umeiva.

Nilisubiri kelele. Niliisikia tayari kichwani, na mbio za vijana wa nje. Fundi alikuwa amefungua mdomo. Shingo yake ilikuwa imevimba. Na yule mwanamke, Mungu wangu, yule mwanamke akafanya kitu ambacho nilidhani ni wazimu. Aliimimina sufuria katika kikombe cha bati. Akapiga goti. Akamnyooshea kikombe kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kichwa chini, kama mgeni amefika salama kutoka safari.

Na mkono wa fundi ukaenda.

Niliona kwa macho yangu. Mkono ulikwenda kabla yake. Kwetu, na kwa wale wa ng'ombe huko milimani ni vilevile, mtoto anafundishwa hili kabla ya kujua kufunga kifungo: kikombe unachonyooshewa hakiachwi hewani. Unapokea, unaonja, halafu ndipo unasema kilichokuleta. Na uliyekula mkononi mwake humtoi kwa adui zake. Hakuna aliyekuambia sababu, ulichapwa tu mpaka mwili ukajua. Fundi akapokea, akapeleka mdomoni, akanywa, na akaendelea kunywa. Alikuwa ametoka Fizi asubuhi na njaa yake. Kikombe kilikuwa kimekwisha wakati macho yake yalipofika mahali ambapo mkono ulikuwa umekwisha kufika.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishtuka hivyo. Alikitazama kikombe, akamtazama mwanamke, akakitazama tena.

“Amenifunga,” akasema, kwa sauti ya chini kabisa. “Mama, huyu mwanamuke amenifunga.”

Akamgeukia mama.

“Bangu balikufa. Mi nilisikia luga ya bale batu na masikio yangu. Na sasa nimekula mu mukono ya huyu! Nitaambia bangu nini?” Machozi yalikuwa yanamtoka na bado alikuwa amekasirika. Nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa mkuu.

Baadaye sana, mwanamke na mtoto walipokwisha vuka ziwa salama na tulipoweza kupumua, mama aliniambia kwamba alimwuliza yule mwanamke kama alijua atamfunga fundi kwa kikombe. Alijibu kwamba hakuwaza. Hakuwa na kitu kingine mkononi.

Lakini siku ile, pale kati ya magunia, mama alikuwa anakitazama kikombe.

“Ilikuwa ya mutoto,” akasema.

“Nini?”

“Hiyo uji. Ilikuwa ya mutoto. Yote. Unga njo ile tu alikuwa amepika.”

Fundi akainama akatazama ndani ya sufuria. Mtoto mgongoni alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama, anatafuna vidole vyake. Hakuwa analia. Alikuwa amekwisha jifunza kutolia. Na nje mkuu akapaza sauti:

“Fundi! Umepata?”

Fundi alifuta uso kwa mkono wa shati. Akavuta pumzi, akaishikilia, na mimi nikafumba macho.

“Bado, komanda!” akajibu. “Ninakuya nayo huko inje!”

Akamrudishia mwanamke kikombe. Hakumtazama. Alimtazama mama, na alisema kwa meno yaliyobana, kama mtu anayetukana:

“Mumupikie ingine. Mi nitabashika kule inje mpaka iive. Na musiniite mwana wenu, musinisalimie mu barabara. Munasikia?”

“Tunasikia,” mama akasema, naye amekwisha ukimbilia unga.

Fundi akarudi ofisini, akachomoa kasha, akalibeba mpaka uwanjani, akaliweka chini katikati ya askari. Akakaa juu ya tofali, mgongo wake kwenye mlango wetu. Mimi nilibaki kizingitini.

“Kuyeni muone ugonjwa,” akawaambia. “Mukubwa, karibia. Fungua mikono.”

“Ya nini?”

“Hizi skrubu. Shika vizuri. Moja ikipotea, mashini imekufa, na mi sitakuwa na maneno nayo.”

Mkuu akaweka bunduki chini, akafungua viganja. Fundi akaanza kufungua kasha, skrubu moja, akaiweka kiganjani, akaieleza kazi yake, skrubu nyingine, akaieleza. Alizifungua hata ambazo hazikuwa na sababu ya kufunguliwa. Akatoa feni, akaipuliza, unga ukaruka, vijana wakacheka wakajifuta macho. Akawaambia unga huu ndio mchawi, na kitambaa cha mama ndicho mganga wake, wakacheka zaidi. Mkuu naye alicheka, bila kusogea, viganja vyake vimejaa vyuma vidogo, hawezi hata kujikuna.

Ndipo grupe ikabadilika sauti. Ikazama, ikaanza kuguna. Nyuma yangu, ndani ya nyumba, resho lilikuwa limewaka tena. Mkuu akainua kichwa.

“Ile grupe inalia je?”

“Mazutu ni mubaya,” fundi akasema, bila kuinua macho. “Shika muzuri, mukubwa. Zinaanguka.”

Mkuu akarudi kutazama viganja vyake. Grupe iliguna, iliguna, na fundi akaendelea kusugua chuma ambacho kilikuwa kimekwisha takata, jasho linamtiririka masikioni. Sijui ilichukua muda gani. Kisha grupe ikavuta pumzi, ikarudia sauti yake ya kawaida, na mama akatoka ndani na kile kikombe cha bati, kimekwisha oshwa, akakipindua juu ya kichanja cha vyombo. Fundi alikitazama mara moja. Akanyoosha mkono, akaanza kuzichukua skrubu kwenye viganja vya mkuu, moja moja.